Namba Iliyo Chini ya Rangi

Wapendwa, Neno limekwisha kusomwa, kwa hiyo niruhusuni niwapeleke kidogo ofisi ya usajili wa magari. Msiogope, leo hatupangi foleni.

Bwana mmoja alirithi Pijo la zamani la baba yake. Siku ya harusi yake, mama yake alikuwa amepelekwa kanisani ndani ya gari hilo. Sasa mume amefariki, na mjane ana ombi moja tu: Jumapili ya kumbukumbu ya marehemu, apelekwe ibadani na gari lile lile.

"Lile lile," mama alisisitiza. "Nikae palepale nilipokaa."

Mwana akakubali. Lakini mnatujua sisi wana wa watu. Gari la baba litoke nje na kutu yake, majirani watasemaje? Akalipeleka gereji. Mafundi wakanyoosha kila palipobonyea, wakaziba kila tundu kwa puti, wakapaka rangi nyekundu inayong'aa hata nzi akitua anateleza. Kisha akaomba namba binafsi, ile unayojichagulia badala ya kupangiwa, akaandikisha jina la baba yake. Kibao cha namba kikatoka upesi, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Likabaki jambo dogo, au ndivyo alivyodhani: gari lenyewe likaguliwe, lisajiliwe kama gari la kale, ndipo kibao kifungwe.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, tochi mkononi, kipande cha msasa mfukoni. Akafungua boneti, akainama. Akainuka. Akainama tena upande wa pili.

"Kaka, namba ya chesisi iko wapi?"

"Kibao hiki hapa, dada. Kimeshatoka."

"Hilo ni jina. Mimi natafuta namba iliyogongwa kwenye chuma kiwandani."

Bwana akatoa kadi ya zamani ya gari. Mkaguzi akatikisa kichwa: ya kwenye kadi ameiona, anataka kuiona na ya kwenye chuma, zifanane. Bwana akatoa picha ya baba yake akiwa ameegemea gari.

"Huyu ni baba yangu, dada. Na hili ni gari lake!"

"Baba namwona. Gari la pichani limebonyea mlango. Hili halijabonyea popote."

"Si nimelitengeneza?"

"Ndiyo maana silitambui."

Jamani! Tangu lini uzuri ukawa kosa? Bwana akalizunguka gari lake, na kichwa kikamzunguka kuliko miguu. Angeliacha na kutu, wangemcheka. Amelipendezesha, wanalikataa. Kibao anacho, hana gari la kukifunga. Gari analo, hana ruhusa ya kulitoa barabarani. Jina la baba limo mkononi mwake na halina pa kukaa.

Mkaguzi akamwonea huruma. Akagonga kwa kucha ukingoni, chini ya boneti. "Namba haijafutika, kaka. Imo humu, chini ya puti yako. Shika msasa huu, kwangua hapa padogo tu. Nikiisoma, nasaini, na Jumapili unampeleka mama."

Msasa ukatua mkononi mwake. Akaitazama rangi, akajiona humo kama kwenye kioo, nadhifu kweli kweli.

"Itaacha alama," akasema.

"Itaacha."

Mnadhani alifanya nini?

Jumapili mama alivaa kitenge chake kipya, akakaa barazani akisikilizia honi. Kengele ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Mwanawe akatoka, macho chini.

"Mama, twende tu kwa miguu. Ni mambo ya ofisi."

Mama akainuka. Uani aliliona gari limefunikwa turubai. Sebuleni, juu ya televisheni, kile kibao kilikuwa kimetundikwa, na wageni walikuwa wamekwisha kukisifu. Mama akakitazama, akamgeukia mwanawe.

"Kwani baba yako alikuwa kibao?"

Naona mnacheka. Chekeni, lakini nani humu hana kibao chake? Mzee wa kanisa. Mwanakwaya wa siku nyingi. Na mimi huyu, mwenye shahada ya theolojia, ya kwangu nimeitundika ofisini kabisa, kwenye fremu. Tumejichagulia majina mazuri, tukayalipia. Kisha tunapiga magoti na kushangaa mbona hatupiti, mbona Mungu anainama, anainuka, anainama tena kana kwamba sisi ni wageni kwake. Ndugu zangu, anatafuta alichokigonga yeye mwenyewe. Na sisi tumepaka rangi juu yake mpaka wenyewe tumesahau kilipo.

Hakijafutika. Hiyo ndiyo Injili. Ila hatakukwangua kwa nguvu. Atakupa msasa, basi. Nenda kwa yule uliyemkosea, ukamwombe radhi, ukakwangue hapo padogo. Ndiyo, itaacha alama.

Kwa maana kuna mtu amevaa, amekaa barazani, anakusikilizia. Na leo tena utamwambia ni mambo ya ofisi?