Sauti Nje ya Boma

Paukwa!
Pakawa!
Alikuwepo!
Naam, alikuwepo.

Alikuwepo mwanamke akiitwa Mashavu. Siku moja zimwi lilivamia kijiji chao, likameza mifugo, likameza watu, likameza hata mbwa. Mashavu akakimbia, binti yake mchanga mgongoni, mwanawe Hamadi amemshika mkono. Penye kichaka cha miiba mkono wa Hamadi ukamponyoka. Alipogeuka, zimwi lilikuwa linatafuna.

Basi akatembea, akatembea, akatembea, hata akavuka mto na kuingia nchi ya watu asioijua lugha yao. Hakuweza hata kuomba maji. Ajuza mmoja, Bi Rehani, alimkuta kisimani, akamchotea maji, akamnywesha. Kisha akawaita majirani. Huyu akaleta nguzo, huyu makuti, huyu chungu na mbegu za mtama. Wakamjengea kibanda katikati ya nyumba zao, wakamfundisha maneno yao moja moja.

Mtama ulipochanua, siku moja jioni, sauti ikatoka nje ya boma:

"Mama, nimechoka. Niitikie, mama."

Ilikuwa sauti ya Hamadi. Mashavu akainuka. Bi Rehani akamshika, akamwuliza kuna nini. Kwa yale maneno machache aliyokuwa nayo, Mashavu akaeleza kwamba zimwi hubaki na sauti ya aliyeliwa, na anayeiitikia hulifungulia njia; likishaanza kuita, halili tena mpaka liitikiwe.

Basi majirani wakatoa vinu, wakatwanga vitupu, mpaka sauti ikafunikwa.

Jioni ya pili ikaja tena.

"Mama, nimechoka. Niitikie, mama."

Wakatwanga hadi viganja vikatoka malengelenge. Wengine wakanung'unika kuwa mgeni amewaletea balaa, arudi alikotoka.

Bi Rehani akawaambia, "Akienda peke yake ataliwa. Akikaa nasi, tutachoka tu."

Wakashika tena michi.

Jioni ya tatu sauti ilikuwa hapohapo, nyuma ya ua.

"Mama, nimechoka. Niitikie, mama."

Mashavu akafumbua kinywa. Bi Rehani akamkumbatia, wanawake wakamzunguka, wanaume wakatwanga. Mashavu akaing'ata kanga yake mpaka ikachanika. Hakuitikia.

Kulipokucha wakalikuta zimwi limekufa kwa njaa. Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Mashavu akaketi chini, akalia.

Wakamwuliza, "Unalia nini, nawe umepona?"

"Ile ilikuwa sauti ya mwanangu," akasema. "Sitaisikia tena."

Vigelegele vikakatika. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona Hamadi. Lakini wakatandika mikeka, wakakaa matanga kama waliofiwa ni wao.

Bi Rehani akasema, "Tuambie alikuwaje."

Maneno ya ugenini hayakumtosha Mashavu. Akasimulia kwa lugha ya kwao. Hawakuielewa, ila hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza.

Ngano yangu imefika ukingoni, wanangu. Aliyekimbia zimwi mpeni nyumba, na mpeni mahali pa kulilia.