Chungu cha Mama Eudora

Sogezeni viti, mkae vizuri. Nitasema polepole, kwa sababu mwishoni nitawaachia kazi, na kazi yenyewe ni ya kuamua.

Katika kisiwa kimoja kidogo cha Karibiani, mbali na kwetu lakini chenye shelisheli, minazi na kungumanga kama visiwa vyetu, waliishi watu watatu wa nyumba moja. Wa kwanza, Anselm, aliweza kuligonga shelisheli kwa kidole akakwambia kama ni la leo au la keshokutwa. Wa pili, dada yake Klotilda, akiona chakula kinavyopangwa chunguni mara moja tu, hakusahau tena. Wa tatu, Perpetua, hakuwa wa damu yao. Alikuwa mjane wa ndugu yao Joakim, ambaye homa ilimwondoa kabla hawajapata mtoto. Kipawa chake kilikuwa masikio. Angeweza kukaa barazani akishona, chungu kiko jikoni, naye akajua kimefikia wapi.

Mkubwa wa nyumba alikuwa mama yao, Mama Eudora. Alisifika kwa chakula kimoja, ambacho wenyeji hukiita tui-limekauka. Ni mashelisheli, samaki mkavu wa chumvi, majani ya magimbi na matonge ya unga, vyote vimepangwa tabaka juu ya tabaka katika chungu cha chuma, kisha vikamwagiwa tui zito lenye manjano. Kikishafunikwa hakikorogwi wala hakifunuliwi, mpaka tui lote liingie ndani ya chakula na chini yabaki mafuta matupu. Ukiwahi kuepua, umepika supu. Ukichelewa, umepika mkaa. Watalii waliposhuka melini, kiongozi wao, Bwana Hilari, aliwapandisha kilimani kwa miguu waje kula uani kwa Mama Eudora. Wengine walirudi mwaka uliofuata na kuuliza habari zake kabla ya kuuliza ufuko uko wapi.

Mungu akamchukua Mama Eudora wakati wa Kwaresima.

Kisiwani kule, mpishi akifa, chungu chake hulazwa kifudifudi na jiko lake halikokwi moto mwaka mzima. Mwaka ukitimia hupikwa chakula chake kile kile, na mtu aliyekula naye tangu utoto huitwa aonje. Akiukuta mkono wa marehemu, chungu hupewa aliyepika, na jiko hufuata chungu. Asipoukuta, chungu huenda parokiani kuchemshia uji wa watu wote. Hakigawanywi, wala hakikai kwa zamu. Kina mwenyewe mmoja.

Kila mmoja kati ya wale watatu alikitaka, na hakuna aliyekitaka kwa ubaya. Klotilda alikuwa mpishi katika hoteli moja bandarini. Alitaka kukishusha kule, ili wageni wengi zaidi wale chakula cha mama yake na wamjue kwa jina. Anselm alitaka kibaki kilimani lakini wageni wakome kuja, kwa kuwa majirani walikuwa wamezoea kukombeleza makombo ya chakula chao wenyewe. Perpetua alitaka kukaa tu. Joakim amelala chini ya mlimau nyuma ya lile jiko. Jiko likiondoka, au likifungiwa wageni, yeye hatakuwa na kazi pale wala sababu ya kukaa, na itambidi arudi kwa ndugu zake upande wa pili wa kisiwa. Hakumwambia mtu jambo hili. Alimwambia Mungu, kila asubuhi alipomwagilia ule mlimau.

Siku ya kukiinua kile chungu kilicholazwa ilipokaribia, upepo mkali ulipita ukapukutisha mashelisheli ya kilima kizima. Yaliyobaki yalikuwa yamelala chini, yamepondeka. Majirani wakasema wapike kwa ndizi mbichi, Mungu ataelewa. Anselm akasema Mungu ataelewa, lakini Mama Ozita hataelewa. Huyo Mama Ozita ndiye aliyeitwa kuonja, ambaye alikua pamoja na Mama Eudora.

Anselm akaukumbuka mshelisheli mmoja ulioota ndani ya korongo, mahali ambapo upepo haufiki. Mama yake alimwonyesha alipokuwa mdogo, na hakumwonyesha mwingine. Alishuka kwa kamba, akapanda, akagonga moja baada ya jingine, akayaacha machanga. Kamba ilimteleza wakati wa kurudi, ikamchuna mkono wa kulia tangu kiganjani hadi kwenye kiwiko. Hata hivyo hakuyaangusha, kwa sababu shelisheli lililoanguka huingia uchungu ndani. Aliyafikisha nyumbani kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Kupanga chungu kulikuwa kwa Klotilda. Siku hiyo meli ilikuwa bandarini, na hoteli ilikuwa imemwambia asipofika, nafasi yake ina wengi wanaoingojea. Hakufika. Akapiga magoti mbele ya chungu akafumba macho, kwa sababu utotoni alikuwa akikaa kizingitini akimpa mama yake vitu, na mpango aliujua kwa jinsi mkono ule ulivyokuwa ukinyooshwa nyuma kuomba. Kwanza majani ya magimbi, chini kabisa, jambo ambalo watu wengine hawalifanyi. Kisha mashelisheli yakiwa yameegemea ukuta wa chungu. Kisha samaki, kisha mashelisheli tena, matonge juu, na majani mengine ya kufunika. Anselm alipotaka kuweka samaki mapema, alimpiga kofi mkononi.

"Huo ndio mkono mbovu, dada," Anselm akasema.

"Basi utumie ule mzima kukaa mbali na chungu changu."

"Chungu chako tangu lini?"

Wakamimina tui, wakafunika. Sasa ilibaki kungoja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bwana Hilari alipanda na wageni mapema, kwa kuwa meli yao ingeondoka kabla ya jioni. Katekista, aliyekuja kusalisha, alipowaona wamesimama uani, aliona aibu kuwangojesha. Akaanza sala ya kuinua chungu, ambayo husaliwa kikishaepuliwa, wakati chungu bado kiko motoni. Katika sala ile husomwa majina ya marehemu wote wa nyumba, kuanzia babu wa kwanza aliyejenga, na mtu haruhusiwi kuinuka hata kama anaumwa. Hata watoto wanajua. Klotilda alijua, Anselm alijua. Kila mmoja alimwangalia mwenzake, kisha akainamisha kichwa.

Perpetua alikuwa amepiga magoti karibu na mlango wa jiko. Miezi ya mwisho Mama Eudora alikuwa ameshapoteza macho, na wawili hao walipika kwa kusikiliza tu, mkwe akiwa na fimbo ya kuchochea na mama mkwe akiwa na rozari. Alifundishwa kwamba tui huanza kwa kuchemka kwa makelele, halafu hunong'ona, halafu hunyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, na baada ya ule unyamavu mafuta huanza kutatarika. Kati ya unyamavu na mtatariko wa pili ndipo pa kuepua. Si kabla, si baada.

Katekista alikuwa amefika kwa watoto wa nyumba. Chungu kikanyamaza. Perpetua akasikia mafuta yakitatarika mara moja. Na katekista akasema, "Joakim."

Perpetua akainuka.

Aliinuka jina la mumewe likiwa linatajwa, watu wote wakimwona, akaingia jikoni akaepua. Aliporudi kupiga magoti sala ilikuwa imekwisha kumtaja Joakim na kupita. Mwanamke mmoja nyuma alisikika akiguna.

Wakapakua. Mama Ozita alipewa kiti na sahani. Alikula, akala tena, kisha akaomba aletewe chungu chenyewe, akakwangua mafuta ya chini kwa kipande cha shelisheli, akakitia kinywani. Akakaa nacho muda mrefu.

"Huu ni mkono wa Eudora," akasema. "Ipumzike roho yake. Haya, nani amepika?"

Wageni walikuwa wanaendelea kula na Bwana Hilari alikuwa anaahidi kuwaleta wengine. Halafu Anselm akasema kwamba bila mashelisheli yake wangekula ndizi, na ndizi si mkono wa mtu. Akaonyesha kitambaa cha mkononi.

Klotilda akasema shelisheli ni la Mungu, hata nguruwe hulipata likianguka, bali mpango ule ulikuwa umebaki katika kichwa kimoja tu duniani. "Kesho sina kazi, kaka. Wewe mkono utapona."

"Na wifi yako?" Mama Ozita akauliza.

Klotilda alimwangalia Perpetua kwa upole. "Wifi alisikiliza. Sote tuna masikio."

"Mlisikia?" Perpetua akauliza.

Klotilda akageukia chungu. Kisha Anselm akasema, polepole, akiangalia chini, "Shemeji, uliinuka tukimwombea Joakim."

"Najua jina lilipofika."

"Sikusema hujui."

"Mama yenu aliniambia chungu hakingojei mtu. Mungu hungoja." Akageukia sahani zao. "Kama nimekosa, nimemkosea Joakim, na hilo nitalisema naye mwenyewe. Chakula mmekula."

Mama Ozita alijaribu kuwapima. Akimtazama Anselm aliona damu, akimtazama Klotilda aliona riziki iliyopotea, akimtazama Perpetua aliona sala iliyokatwa. Alisema wazi kwamba ukiondoa mmoja wao, yeyote, chungu kile kingekuwa njiani kwenda parokiani. Akasema pia kwamba yeye aliitwa kuonja, na ameonja; kupima watu hakuitwa. Akaomba fimbo yake, akashuka kilima.

Wageni nao wakaondoka. Klotilda na Anselm walibaki barazani, kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi. Perpetua akakichukua chungu akakisugua kwa majivu, kama alivyokuwa akifanya enzi za Mama Eudora, ndani kwanza, kisha nje, kisha masikio yake. Alikisuuza, akakifuta kwa khanga yake. Halafu akasimama nacho katikati ya jiko, kwa sababu hakujua akilaze kifudifudi kama cha marehemu au akiweke wima kama chungu chenye mwenyewe. Kupitia mlangoni aliuona mlimau.

Amesimama pale mpaka leo, maana mimi sikuweza kumweka chini. Mmoja alikileta chakula, mmoja alikipanga, mmoja alikiokoa. Chungu ni kimoja, na jiko hukifuata. Basi wewe uliyesikiliza, ungekitoa mikononi mwa Perpetua ukampa nani, au ungemwachia?