Ngurumo, Bwana wa Kisima

Hapo zamani za kale, watoto wangu, kabla maji hayajaambiwa kwamba yana mwenyewe, wanyama wote wa Bonde la Mkwajuni walichota maji kwenye kisima kimoja. Tembo alichota, panya alichota, hata fisi alichota, ingawa yeye akiazimwa kata alikuwa harudishi.

Mfalme wao alikuwa Simba. Na Simba huyu alipenda vyeo kuliko nyama! Mkewe akijifungua, haulizi mtoto ana afya au hana. Anauliza, "Huyu tumpe cheo gani?"

Mtoto wa kwanza akawa Bwana wa Kivuli, na tangu siku hiyo ole wake atakayepumzika chini ya mti bila ruhusa. Wa pili akawa Binti wa Majani Mabichi. Pundamilia wakakonda mpaka milia ikagusana. Wa tatu akawa Bwana wa Upepo wa Jioni, lakini huyo hakumsumbua mtu, maana upepo ulikataa kwenda kuripoti.

Kikaja kiangazi. Mto ukakauka, kikabaki kile kisima tu. Na ndipo Malkia akajifungua mtoto wa nne.

Ndege Hondohondo, mpiga mbiu wa mfalme, akapanda juu ya kichuguu akapuliza pembe. Puuu! Puuuu!

"Sikieni! Mfalme amepata mtoto wa kiume! Siku ya saba, kwenye karamu, atapewa jina la babu yake, marehemu Mfalme Ngurumo. Na kuanzia siku hiyo, hii ni sheria: anayebeba jina la Ngurumo ndiye Bwana wa Kisima, na hakuna atakayechota hata tone bila idhini yake. Na jina hilo halibebwi na wawili!"

"Ngoja kwanza," akasema Kobe. "Mtoto wa siku saba atatoaje idhini?"

"Atatoa mzazi wake, kwa niaba yake."

"Ahaa! Kumbe!"

"Mtakuwa mnaomba. Mfalme akifurahi, mtapata maji."

Wanyama wakatazamana. Wote walijua Simba hufurahi lini. Hufurahi akishamla mmoja wao.

Sasa katika umati ule alikuwepo Bi Nguchiro, mnyama mdogo, urefu wake kandambili mbili ukizipanga. Siku mbili baadaye naye akajifungua mtoto wa kiume, mtoto wake wa kwanza.

Mumewe akaja mbio. "Mke wangu, tuhame!"

"Tuhamie wapi na kichanga? Nikikosa maji siku mbili, maziwa yanakauka. Maziwa yakikauka, huyu hatufiki naye ng'ambo ya bonde."

Akamtazama mwanawe, akalia. Alilia kwelikweli, watoto, msifikiri wajanja hawalii. Kisha akafuta machozi kwa mkia.

"Baba Kichanga, hebu nikumbushe. Sheria ilisema mtoto wa Simba, au ilisema anayebeba jina?"

"Ilisema anayebeba... Weee! Mke wangu, utatumaliza!"

"Basi kamwite Kobe aje kula ubwabwa. Leo tunampa mtoto jina."

Nanyi mnajua desturi yetu. Aliyebeba jina la baba yako ni baba yako, hata kama hajaota meno. Mimi mwenyewe ninako kajukuu kenye jina la marehemu baba yangu. Kananivuta sikio na kamenivunjia miwani, nami siwezi kukachapa. Nitamchapaje baba? Wewe unayecheka huko nyuma, subiri, na yako yanakuja.

Siku ya saba ikafika. Ngoma zikalia, ti-ki-ti, ti-ki-ti! Sufuria za pilau zikapangwa. Kabla ya jina kutajwa, wageni wakapanga foleni kumpongeza Mfalme. Ikafika zamu ya Bi Nguchiro, mtoto mgongoni kwenye mbeleko.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Nani huyo? Mbona simwoni mtu?"

"Niko huku chini, Mfalme."

"Oo. Na mgongoni umebeba nini? Kitoweo?"

"Mtoto, Mfalme."

"Anaitwaje?"

"Aa, jina lake zito. Naona haya kulitaja mbele yako."

"Litaje! Mimi Simba, niogope jina la kanguchiro?"

"Anaitwa Ngurumo."

Ngoma zikanyamaza. Simba akasimama, manyoya ya shingo yakasimama naye.

"NINI? Ngurumo ni baba yangu!"

Bi Nguchiro akageukia umati, akapiga kigelegele. "Mmesikia, jamani? Mfalme mwenyewe amesema! Ngurumo ni baba yake!"

"Tumesikia!" wakajibu wanyama.

"Sikusema hivyo!"

"Samahani, Mfalme," akasema Hondohondo, "umesema. Mimi kazi yangu ni kusikia."

"Na jina alipewa tangu majuzi," akadakia Kobe. "Mimi shahidi. Ubwabwa wenyewe ulikuwa mtamu."

"Nitakameza!" Simba akaachama kinywa. Aaaah! Meno yote nje.

Bi Nguchiro alitamani kukimbia. Lakini alikumbuka maziwa, akafungua mbeleko, akamweka mtoto chini, katikati ya miguu ya Simba.

"Mmeze. Wanyama, sogeeni mshuhudie mwana anavyommeza baba yake."

"Laana!" akasema Tembo. "Laana ya mzazi haina dawa!"

Kinywa cha Simba kikabaki wazi. Nzi akaingia, akatembea, akatoka. Mwishowe kikajifunga, kap!

"Mke wangu! Njoo uone maajabu!"

Malkia akatoka ndani anaunguruma. "Yuko wapi huyo nguchiro? Nipisheni nimkanyage!"

"Taratibu, Malkia," akasema Bi Nguchiro. "Mbele yako hapo ni baba mkwe wako."

"Haiii!"

Huko kwao mke hamtazami baba mkwe usoni, ni aibu kubwa. Malkia akavuta kanga mpaka puani, akapiga magoti, akaanza kurudi kinyumenyume. Akarudi, akarudi, akaingia kwenye sufuria ya pilau. Kwangala! Kwangala!

"Shikamoo, baba," sauti ikatoka chini ya kanga.

Wanyama wakaangua kicheko. Hata walinzi walicheka, wakajifanya wanakohoa.

"Hondohondo," akasema Bi Nguchiro, "tusomee sheria."

"Anayebeba jina la Ngurumo ndiye Bwana wa Kisima. Na jina hilo halibebwi na wawili."

"Na idhini anatoa nani?"

"Mzazi wake, kwa niaba yake."

"Naifuta sheria hiyo!" Simba akanguruma. "Naifuta sasa hivi! Cheo hakiwezi kumwendea mtu kwa sababu ya jina tu!"

"Sawa, Mfalme. Na wewe cha kwako kilikujia kwa sababu gani?"

Simba akafikiri. Akafikiri tena. Akakaa chini polepole.

Mara mtoto akaanza kulia. Nyeee! Nyeee!

"Bwana wa Kisima ametamka," akasema Bi Nguchiro. "Anasema kila mwenye kiu akachote. Na mwanao mchanga naye, Mfalme, asikose maji."

"Amelia tu huyo!"

"Na wanao walilia tu, sisi tukakosa kivuli."

Simba akamnyanyua mtoto kwa viganja viwili, kwa adabu, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Baba, nakuomba, hebu fikiria tena."

Chururuuuu! Manyoya yote ya kifua, chapachapa!

"Amekwisha kufikiria," akasema Kobe.

Basi tena! Wanyama hawakusubiri pembe wala mbiu. Wakaenda kisimani mbio, ndoo zinagongana, kila mmoja akachota mpaka akatosheka. Bi Nguchiro alikunywa kata tatu, tumbo likawa ngoma. Kisha akakaa pale pale kwenye tope, akamnyonyesha mwanawe huku akicheka na kulia kwa pamoja, na maziwa yakatoka.

Yule mtoto wa nne wa Simba, mama yake alimpa jina la Tulia, na hakuwa na cheo chochote. Akakua mchangamfu kuliko ndugu zake wote.

Na Simba? Kila asubuhi alikuja na ndoo yake, akapanga foleni nyuma ya panya. Ikifika zamu yake, anainamisha kichwa mbele ya mbeleko na kusema, "Shikamoo, baba." Naye Ngurumo, asiye na jino hata moja, anamcheka.

Cheo cha kuzaliwa nacho ni jina tu, na jina hata mtoto wa nguchiro hupewa.