Sufuria Iliyomtoa Jelle Jela

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai: anayeona haya kujifunua mbele ya anayeweza kumsaidia huukosa msaada wenyewe. Asiyeamini na asikize kisa cha Jelle wa Garissa, mtu mrefu hata ngamia walimwamkia kwa heshima.

Mwaka wa 1966, vita vya shifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya, vilipopamba moto, Jelle alifungwa miaka saba kwa kudaiwa kuwaongoza shifta hadi kisimani. Ushahidi ulikuwa kovu la moto mkononi mwake. Mwendesha mashtaka alisema ni la baruti. Wakili wake, Muriuki, alinyamaza kama maji mtungini. Basi Jelle akakata rufaa akilia kwamba wakili alimwangusha.

"Kovu hili lina sababu yake," akamwambia jaji, "lakini wakili hakuisema."

"Wewe ulimweleza?"

"Wallahi, nilimweleza. Lakini ni siri yangu. Asiitoe!"

Jaji akavua miwani. "Bwana Jelle, siri ya mteja ni ya mteja. Ila huwezi kumlaumu wakili kwa kunyamaza, kisha ukamziba mdomo. Mruhusu aseme, au ondoa lawama yako urudi jela."

Jelle akageuka. Wachungaji wenzake walijaa benchi la nyuma. Mbele yao mkewe, Osob, alimpakata mtoto wao mchanga.

"Baba Nuh!" Osob akafoka. "Mtoto akujue kupitia nondo? Mwache aseme, au nitasema mimi!"

"Haya, aseme," Jelle akanong'ona, akijifunika uso kwa shuka.

Muriuki akafungua daftari, akasoma aliyoandika kabla ya kesi ya kwanza: "Siku ile shifta walipofika kisimani, Osob alijifungua. Askari walimchelewesha mkunga njiani. Jelle akampikia mkewe uji, sufuria ikamuunguza Jelle mkono. Ameniapisha nisiseme, kwani kwao mwanamume kukutwa jikoni ni aibu kubwa kuliko jela."

Benchi la nyuma likaangua kicheko. Wanaapa hadi leo kwamba hata ngamia waliokuwa nje walicheka.

"Warya, ewe mpishi! Tumebakishiwa?" mchungaji mmoja akaita.

Mkunga aliyecheleweshwa, Qali, akasimama, akala kiapo. "Nilimkuta na mwiko mkononi. Nikampaka samli pale alipoungua. Na uji wenyewe ulikuwa na madonge!"

Jaji akakohoa kuficha tabasamu. Akaamua kwamba wakili hakukosea, alitii tu. Lakini ukweli umejulikana, na kifungo kimefutwa.

Jelle akampokea Nuh, akambeba mchana kweupe mbele ya wachungaji wote. Kweli, mficha uchi hazai.