Usukani wa Pikapu ya Anangisye

Nitasimulia nikiwa nimekaa, nanyi mtasikiliza huku mkichambua hayo maharage, maana hayatajichambua. Atakayesinzia simrudii. Hadithi hii imenichosha kuliko jembe, na leo ninaisema ili nanyi mchoke kidogo.

Kaka yangu Anangisye, wa kule Rungwe mlimani, aliacha mjane na watoto watatu.

Wa kwanza ni Gwamaka, aliyejaliwa sikio. Alisimamia mashine ya kusaga miaka kumi na miwili. Hata akiwa amekaa kilabuni ng'ambo ya barabara, aliweza kukwambia mkanda wa mashine umelegea, na ukienda kuangalia unaukuta umelegea kweli.

Wa pili, Atupele, alijaliwa pua. Anauza mafuta kwenye kituo kimoja mjini. Mpe kifuniko cha chupa chenye tone la petroli, atakwambia kama ni safi au imeonja maji.

Wa tatu ni Lusajo, kitinda mimba. Huyu watu walisema Mungu alimruka. Kazi ya kueleweka hana, mke hana. Lakini baba yao alipougua kifua, miezi minne mizima, ni Lusajo aliyemlisha, aliyemgeuza kitandani na kumkalisha dirishani pumzi zilipomwishia. Wale wawili walikuja mwisho wa mwezi na sukari. Kama hicho cha Lusajo ni kipawa mtasema wenyewe, mimi sijui.

Sasa, kaka yangu alikuwa na pikapu. Kuukuu, ya kijani, mlango mmoja unafungwa kwa komeo la chooni. Lakini ndilo gari pekee pale kijijini, na ndilo lililompeleka mke wake kliniki Mbeya kila mwezi. Wifi yangu ana kisukari, na ana kidonda mguuni. Kaka alipougua tulikodi magari ya mjini njia ingali kavu, kisha kliniki moja ikampita kaka alipozidiwa. Daktari akatuma neno kwamba ikimpita na ya pili, mguu huenda ukakatwa. Pikipiki hawezi kupanda, mguu haukunjiki. Na njia yetu mvua ikishanyesha ni utelezi, hakuna dereva wa mjini anayeitaka, tuliwapigia wanne wakakataa.

Siku mbili kabla ya kufa, Anangisye aliniita akanikabidhi ufunguo. Akaniambia gari si la kugawana, atakayeliwasha likawaka na likaendelea kuwaka ndiye mwenye gari, na ndiye atakayempeleka mama yao kliniki mpaka mwisho. Nikamwambia kaka, mbona unanitwisha mzigo? Akacheka, akakohoa, basi. Mimi ndiye shangazi mtu, ningekataaje?

Matanga yakaanuliwa Jumatatu. Kliniki ilikuwa Alhamisi.

Jumatatu hiyohiyo nikampa Gwamaka ufunguo, maana ndiye mkubwa. Akawasha. Gari likasema tik, likanyamaza. Majirani wakasema betri imekufa, na majirani mnawajua, wote wakawa mafundi. Wakaazima betri ya mwenye mashine, wakaifunga. Tik. Gwamaka akawafukuza wote, akanambia niwe nawasha kila akipunga mkono, yeye akainama chini ya boneti na sikio lake. Niliwasha mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Mwishowe akasema betri yetu ilikuwa nzima tangu mwanzo, umeme ndio haufiki, anausikia unachechea pale waya mnene unaposhika bodi. Akaufungua. Ulikuwa umeota ukungu wa kijani wa kutosha kupaka ukuta. Akaukwangua kwa kisu, akakaza kwa kipande cha kopo la maziwa, akarudisha betri yetu. Stata ikazunguka kwa nguvu, nginginginging, hata kuku wakaruka.

Ikazunguka, lakini injini haikushika.

Jumanne ikaisha hivyohivyo. Gwamaka alitoa plagi zote nne, akazisugua, cheche zipo. Tukasukuma gari mteremkoni, tukalipandisha kwa kamba na watu tisa, tukalisukuma tena. Nami nilisukuma, na umri huu, nikaanguka kwenye tope mbele ya wanaume wa watu. Gari halikushika. Wifi alikaa barazani na mguu wake juu ya kigoda, anatazama tu. Macho yale yalinichosha kuliko tope.

Jumatano asubuhi Atupele akafika kutoka kazini. Akavuta ule mpira unaoingiza mafuta kwenye injini, akakinga matone kiganjani, akanusa. Akanusa tena, akaupangusa mkono kwenye majani. Akasema petroli hiyo imelala miezi minne na imekunywa maji ya mvua, hata ukiitupia kiberiti itafikiria kwanza. Akalala chini ya gari na gauni lake la kazini, akafungua tangi kwa chini, akamwaga yote, akasuuza. Akapanda pikipiki kwenda mjini na kurudi na dumu la petroli safi. Saa tisa alasiri akawasha. Likashika! Mimi nililia, sioni haya kusema.

Likaunguruma kama dakika moja. Alipokanyaga mafuta likatoa moshi mweusi, likazima. Akawasha tena, likashika, akakanyaga, likazima. Mara saba. Gwamaka akasema ni mafuta, Atupele akasema ni plagi. Wakaanza kunyosheana vidole kama watoto wa chekechea, na jua linakwenda zake.

Hapo Lusajo akatoka jikoni alikokuwa anakanda mguu wa mama yake. Akasimama akasikiliza gari likizima mara ya nane, akasema polepole, "Hili halina ugonjwa. Linakosa pumzi. Baba alikuwa anafanya hivihivi akijaribu kuinuka."

Akauliza gari linavutia wapi hewa. Gwamaka akamwonyesha bomba la hewa mbele ya injini. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne, kikafungwa kwa mpira wa tyubu, fundo juu ya fundo. Kila mtu alikiona tangu Jumatatu. Hata mimi nilikiona. Hakuna aliyekigusa.

Niwaeleze kwa nini, msije mkatuita wapumbavu. Kaka yangu alikuwa na sheria moja, nilichofunga mimi nafungua mimi. Turubai, gunia, kamba ya mbuzi, ole wako ufungue fundo lake, utalala njaa. Watoto wale walikua hivyo. Aliziba bomba lile alipoanza kuugua, panya wasizalie ndani, akitegemea atalifungua mwenyewe akipona.

Lusajo alipogusa fundo, Gwamaka akamshika mkono. Akasema hicho ni kitu cha mwisho baba alichokifunga, kisifunguliwe na mtu. Atupele naye akasema tukiache, tutafute kwingine. Nami, nasema kweli, nilirudi nyuma hatua moja. Nililijua lile fundo tangu tukiwa wadogo tunachunga ndama.

Lusajo akamjibu kaka yake, "Nilimfungua mshipi siku tuliyomwosha. Mlikuwa wapi?"

Gwamaka akaachia mkono. Lusajo akakaa chini, akalifungua fundo taratibu, bila kisu, huku anatokwa na machozi. Akakitoa kitenge, akakikunja, akaenda kumpa mama yake.

Atupele akawasha. Akakanyaga mafuta, gari likanguruma, moshi ukawa mweupe kisha ukaisha. Likaachwa linaunguruma nusu saa nzima, halikuzima.

Alhamisi alfajiri gari likawaka mara moja. Tukampakia wifi, mguu juu ya mto. Na hapo, kwenye mlango wa dereva, wakasimama wote watatu. Wote wanajua kuendesha, msifikiri mtaponea hapo. Nami nilikuwa nimesema tangu Jumatatu kwamba atakayeshika usukani siku ya kliniki ndiye mrithi.

Gwamaka akasema, bila yeye gari lingekuwa bado linasema tik, na hao wengine wangenusa na kufungua nini? Atupele akasema sauti ya stata haijawahi kumfikisha mgonjwa hospitali, yeye ndiye aliyeleta moto, na kachafua gauni lake la kazini kwa kulala chini ya gari. Lusajo akawa anauweka sawa mto wa mama yake. Nikamlazimisha aseme. Akasema tu kwamba gari lile lingezimia njiani na mama ndani, nao wangekuwa bado wanaliheshimu fundo.

Wakaanza upya. Gwamaka akasema kufungua fundo si ufundi, hata mtoto angefungua. Atupele akamuuliza, basi mbona wewe hukufungua? Kisha akamgeukia Lusajo, akasema kumuuguza baba ni jambo jema lakini baba hakusema gari apewe aliyemuuguza. Na ni kweli, hakusema. Mimi ndiye niliyekuwepo.

Wifi akashusha kioo. Alikuwa amekishika kile kitenge mapajani. Akanitazama mimi, siyo wao.

"Wifi, wote hawa niliwazaa mimi, usinitake nichague. Wewe ndiye uliyepewa ufunguo. Saa zinakwenda, na mguu ni wangu."

Basi nikataja jina. Harakaharaka, pale pale, injini inaunguruma, ili gari liondoke. Likaondoka. Kliniki waliiwahi, na mguu wa wifi upo mpaka leo, anautembelea.

Jina sitawaambia. Wawili ambao sikuwataja hawajakanyaga kwangu tangu siku ile, na wakikutana na mwenye gari njiani wanapita ng'ambo. Kila nikilala ninamtaja mwingine, na kila ninayemtaja, naona wale wawili wengine wana haki.

Acheni hayo maharage kwanza. Wewe uliyenyamaza pale kwenye kona, nawe pia, na wewe unayejifanya umeshajua: mgonjwa yumo ndani, injini inawaka, watoto watatu wamekukazia macho. Ungemwambia nani apande?