Mapacha wa Bwana Kamba

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni kwamba anayekitamani kilicho chini hana budi kushusha kichwa, mgongo, na wakati mwingine hata cheo chake. Wapo wanaoisoma methali hii wakiwa wima, mikono kiunoni, wakingoja mvungu uwapandie juu. Hao tuwaache wasimame. Kisa hiki ni cha aliyeinama.

Enzi za Mjerumani, miaka michache baada ya gari moshi kufika Morogoro, mpimaji ardhi mmoja wa Kizungu alileta pikipiki mjini. Watu walimwita Bwana Kamba, kwa kuwa alipima mashamba kwa kamba, na kila shamba alilolipima lilibaki dogo kuliko alivyolikuta. Pikipiki yake ilikuwa na silinda mbili zilizopanuka kama pembe za beberu. Watoto waliziita mapacha. Katikati yao, chini kabisa, ilijificha kabureta, jiko dogo la shaba ambamo petroli huchanganywa na hewa kabla ya kulishwa mapacha wote wawili.

Mtumishi wake, Maneno, ndiye aliyeiosha kila asubuhi. Jumatano moja, ikipanda njia ya milima ya Uluguru, pikipiki ilikohoa, ikatema moshi mweusi kama chungu cha msiba, ikanyamaza. Wapagazi waliifunga kwenye miti ya kubebea wakaiteremsha mpaka Mwembesongo, mtaa wa mjini, kama bibi harusi aliyezimia.

Ikawekwa bandani kwa Mikidadi, fundi wa kutengeneza cherehani, kijana aliyevaa kanzu nyeupe hata akiwa kazini. Mikidadi aliitazama kwa mbali, akanusa, akatoa hukumu.

"Maji yameingia, bwana. Aliyeiosha ndiye aliyeiua."

Bwana Kamba hakutaka ushahidi wa pili. Alisema anarudi milimani kwa miguu, na Jumamosi adhuhuri atakuwa hapo. Akiikuta bado bubu, Maneno atachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha atavishwa mnyororo apelekwe pwani kuvunja mawe ya barabara. Jioni ile Maneno alilala bomani, kifungoni.

Mkewe, Mwanaasha, aliuza mayai sokoni. Alhamisi alfajiri alilitua kapu lake mlangoni kwa fundi. Mikidadi alikuwa amezifungua plagi, viwashio vya moto vya silinda, akazifuta, akazirudisha. Pikipiki iliposukumwa iliwaka, ikapumua mara mbili tatu, ikajaza banda moshi, ikazima.

"Plagi zote mbili zimelowa na kuwa nyeusi," fundi alisema. "Zitakuwa zimeharibika."

"Zote mbili? Siku moja?"

"Mama, hii si biashara ya mayai."

"Najua. Lakini mapacha wakiharisha siku moja, fundi, huwatazami watoto. Unatazama wamenyonya nini."

Watu waliokusanyika walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mikidadi alivimba kama chura wa masika.

"Basi huyo mnyonyeshaji yuko huko chini. Inama umtazame mwenyewe! Lakini vyombo vyangu havishikwi na mtu asiyeniheshimu."

Mwanaasha alimzidi fundi kwa miaka isiyopungua kumi na mitano, na alikuwa amembeba mgongoni enzi hajaota meno. Kila mtu alijua ni nani mwenye wajibu wa kumwamkia mwenzake. Mwanaasha akakunja goti.

"Shikamoo, fundi."

"Mwanaasha!" jirani yake, Asia, alipiga kelele. "Unamwamkia mtoto uliyemfuta kamasi?"

"Kamasi nilimfuta bure. Mimi nataka spana."

"Marahaba," Mikidadi alijibu, akiivuta sauti kama shehe. Naye, utamu wa ile shikamoo ukiwa bado kinywani, akampa spana, koleo na bisibisi, akakaa kitini kungoja kuchekeshwa.

Mwanaasha alijifunga kanga kiunoni, akalala kifudifudi juu ya udongo uliolowa petroli. Kwanza alitaka kujua habari za maji. Alifungua kabureta, akaimimina petroli yake ndani ya bakuli, akaiacha itulie. Mpishi yeyote anajua kwamba maji na mafuta hayalali kitanda kimoja. Maji hukaa chini. Alitazama, akatazama tena. Hapakuwa na tone la maji.

"Fundi, njoo unioneshe hayo maji ya mume wangu."

Fundi alikumbuka ghafla kwamba ana cherehani ya mtu.

Ndani ya kabureta mlikuwa na kibuyu kidogo cha shaba, kitupu ndani, ambacho kazi yake ni kuelea. Petroli ikipanda, nacho hupanda, kikaufunga mlango wa petroli. Hilo ndilo boya. Mwanaasha alilitia bakulini. Likazama tubwi.

Muuza mayai kila siku hutia mayai majini: lililozama ni zima, lililoelea ni bovu. Mwanaasha alilitazama lile boya akatikisa kichwa.

"Wewe ni yai la kinyume," alisema. Akalitikisa sikioni, akasikia chwa, chwa. Chombo kilichowekwa kuzuia ulevi kilikuwa kimelewa chenyewe. Ndiyo maana mlango haukufungwa, na mapacha wakanyweshwa mpaka wakazimia.

Asia alichemsha maji nyumbani kwake, mbali na petroli, akayaleta. Boya lilipotiwa humo, mapovu madogo yalitoka kwenye kiungo chake, mahali penye tundu la kuingia ncha ya sindano. Wakalishikilia humo mpaka likatapika petroli yote.

Ijumaa, baada ya swala, Mwanaasha alilipeleka kwa Noordin, sonara wa mjini.

"Limekauka kweli?" Noordin aliuliza. "Nikilitia moto likiwa na petroli, litaondoka na ndevu zangu."

Alipohakikisha, alilitia lehemu kwa ukarimu, donge kubwa kama kipini cha pua cha tembo. Mwanaasha akalirudisha mahali pake, pikipiki ikasukumwa, ikawaka, ikatoa moshi uleule, ikazima.

Mikidadi alicheka mpaka machozi. "Nenda kauze mayai, mama. Mumeo atajifunza kuvunja mawe."

Mwanaasha alilala tena chini, akalitoa tena boya. Safari hii lilielea, lakini lilizama mpaka shingoni kama mtu aliyejitwika jiwe. Lehemu ilikuwa nzito, na mlango wa petroli ulichelewa kufungwa. Akarudi kwa sonara, akakuta duka linafungwa, akaomba tupa, akaketi barazani akalipunguza donge kidogo kidogo mpaka Magharibi. Vidole vilitoka damu. Asubuhi ya Jumamosi boya lilielea kama bata, akalirudisha mahali pake.

Adhuhuri Bwana Kamba alifika. Maneno akaletwa, mikono imefungwa, na askari akiwa na kiboko. Pikipiki ikasukumwa. Mapacha wakaitikiana, ta-ta, ta-ta, bila moshi.

"Nani ameitengeneza?"

Mwanaasha aliona hatari upesi. Mzungu akisikia muuza mayai ameifungua mashine yake, atatafuta kosa jipya. Akainamisha kichwa.

"Fundi Mikidadi, bwana."

Bwana Kamba akamgeukia fundi. "Kwa hiyo yalikuwa maji?"

Fundi akisema ndiyo, heshima yake inabaki, na Maneno anachapwa. Mikidadi alimtazama mwanamke aliyempa sifa isiyo yake. Kisha akapiga goti mavumbini, akaonesha kwa kidole kule chini.

"Hapana, bwana. Boya lilitoboka lenyewe. Mtumishi hana kosa. Nilikosea mimi."

Bwana Kamba aliguna, akaashiria kamba zikatwe. Radhi hakuomba, enzi hizo radhi ilikuwa bado haijaletwa na meli. Maneno akasugua mikono yake, akashika njia ya nyumbani na mkewe, ambaye magoti, viwiko na hata kidevu chake vilinuka petroli. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.