Mtungi wa Siwema

Mfukua mtungi hali mboga. Ndivyo alivyoambiwa Kidawa asubuhi hii, baada ya kuipekua simu ya mchumba wake mpaka mchumba akakusanya viatu vyake akaondoka, nanyi mkacheka hadi mkashika mbavu. Sasa mnaniuliza ni mtungi gani na mboga gani. Haya, sogezeni ungo huo wa mchele mkae. Kila msemo una kwao, na kwao msemo huu ni hapa hapa mtaani kwetu Kisimakavu. Asili yake ni hii.

Nyuma ya msikiti mdogo palikuwa na jalala. Mtaa mzima ulitupa pale maganda, majivu na vitanda vilivyovunjika. Vijana waliomaliza shule wakakosa pa kwenda walishinda ukingoni mwake wakicheza karata, nasi wazazi tukipita tunasonya. Ndipo akaja mwanamke mmoja wa bara, mtu wa Singida, jina lake Mwalimu Eliwaza. Alikuwa mwembamba, na maneno yake machache kana kwamba aliyanunua dukani. Akamwomba mwenyekiti wa mtaa ruhusa ya kulisafisha lile jalala na kulifanya bustani ya vijana. Asubuhi walime, mchana wasome chini ya kibanda cha makuti. Akasema chuo cha kilimo kilichokuwa nje ya mji kimekubali kumpokea kila kijana atakayeonyesha tuta la mboga alilolilea kwa mkono wake, hata kama alifeli kidato cha nne. Na ada hatalipa.

Hapo penye ada ndipo mtaa ulipokunja uso. Bure? Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikwisha kutafunwa. Miaka michache nyuma alipita bwana mmoja mwenye tai, akakusanya vyeti vya vijana eti awapeleke Ulaya kusoma, na mpaka leo hatujaviona vyeti wala bwana. Mwalimu Eliwaza hakuwa na tai, lakini tulimtazama kwa jicho lile lile. Akitusalimu, tunamwitikia nusu. Akinunua samaki wengi, tunauliza anamlisha nani. Akinunua wachache, tunauliza mbona hali.

Aliyemshuku kuliko sote alikuwa Bi Mwanamkasi, mjane aliyepika vitumbua, mwenye mtoto mmoja tu, Siwema. Huyo Siwema alikuwa binti wa kuamshwa kwa kugongewa sufuria sikioni. Alipoingia bustanini akawa anaamka mwenyewe kabla ya adhana. Harusini haendi, karata hataki kuziona, na akirudi nyumbani anasimulia habari za samadi kwa furaha ambayo wenzake waliiweka kwa ajili ya wachumba. Mama mwingine angemshukuru Mungu. Bi Mwanamkasi yeye alihesabu dalili.

"Mwanangu kashikwa," alituambia bombani. "Mtu haamki alfajiri kwa hiari yake. Kuna kitu kinamwita."

Nasi tukaitikia, maana maji yalikuwa hayatoki na midomo haikuwa na kazi nyingine.

Alfajiri moja akamfuata, akajibanza kwenye pembe ya ukuta. Akamwona Mwalimu Eliwaza amepiga magoti juu ya tuta, mbele yake pana mtungi mpya wa udongo. Siwema yuko pembeni amechimba shimo. Mwalimu akauteremsha mtungi, wakaufukia mpaka shingoni, wakaujaza maji, wakaufunika kwa kigae, wakapapasa udongo juu yake kwa viganja. Muda wote huo midomo ya Mwalimu ilikuwa ikichezacheza. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, lakini Bi Mwanamkasi angejuaje?

Huenda ninyi watoto wa leo hamlijui fingo. Ni uganga wa kuzikwa. Mtu hutia dawa chunguni, akakifukia ardhini ili kulinda shamba, au kumfunga mtu akili asiweze kuondoka mahali. Sisi watu wa pwani tukimwona mtu anazika chungu alfajiri huku midomo inacheza, hatuulizi mara mbili.

Kumbe kwao Eliwaza, huko kwenye ukame, mtungi huzikwa kwa sababu nyingine kabisa. Mtungi usiopakwa rangi hutoa jasho. Maji hupenya kidogo kidogo, mizizi inakunywa, na tuta linakaa juma zima la kiangazi bila kumwagiwa hata kata moja. Hilo ndilo lililokuwa somo lake, na ndilo lililokuwa mtihani wa chuo. Vijana wajaze mitungi, wakae chuoni juma zima, kisha warudi pamoja na mkaguzi kutazama ni tuta la nani limeishi. Sisi hatukuyajua haya kwa sababu hatukuuliza, na Mwalimu hakutueleza kwa sababu alikwisha kuchoka kuitikiwa nusu. Siwema alijaribu kumweleza mama yake.

"Ni maji tu, mama. Mtungi unainywesha mboga."

"Ndivyo alivyokufundisha useme," mama yake akamjibu.

Basi vijana wakaenda chuoni. Hata vumbi la nyayo zao halijatua, Bi Mwanamkasi akaingia bustanini na jembe, akifuatana na jirani yake, Bi Tamasha. Wakayakuta matuta yamepangwa safu, kila moja limeinuliwa kidogo, na kichwani pamechomekwa kibao chenye jina la mwenyewe. Wakakiona cha Siwema.

"Yarabi!" akalia Bi Mwanamkasi. "Kaburi la mwanangu hili, na jina wameshaliandika!"

Akafukua. Mchicha ulikuwa mchanga bado, akaukwepa, maana alitaka kilichozikwa na si kilichoota. Mtungi ukatoka. Wakachungulia ndani, wakaona maji safi.

"Ni maji kweli," Bi Tamasha akasema. "Mwenzangu, hebu turudishe."

"Maji kweli? Dawa inayoonekana ina nafuu, unajua unapambana na nini. Hii isiyoonekana ndiyo ya kuua."

Akaupiga mtungi kwa jiwe. Vigae akavitupa njia panda, akarudi akafukia shimo na kusawazisha udongo vizuri, hata mwenye macho makali asingetambua. Matuta ya watoto wa wenzake hakuyagusa. Alisema kila mzazi na ashughulike na fingo la kwake. Usiku ule akalala fofofo, na asubuhi akauza vitumbua kwa uso mkunjufu, akatuongezea kimoja kimoja.

Juma likaisha, jua likiwaka vile vile. Siku ya ukaguzi mtaa mzima ulijaa bustanini, wala msidhani tulikwenda kuwashangilia watoto. Tulikwenda kumwona Mwalimu akiumbuka. Mkaguzi, bwana mmoja mkavu wa maneno, akapita safuni na vijana nyuma yake. Tuta la kwanza lilikuwa bichi. La pili bichi, la tatu bichi. Tukaanza kutazamana. Alipofika kwenye kibao cha Siwema akasimama. Mchicha wote ulikuwa umelala chini, umekauka, ukiugusa unavunjika.

"Binti, mtungi uliujaza?"

"Niliujaza, bwana, hadi ukamwagika."

Siwema akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Akachimba mpaka udongo ukamfika viwiko, na wote ulikuwa mkavu. Akainua uso.

"Mtungi wangu haupo."

"Haupo kwa sababu hukuuzika," mkaguzi akasema. "Umetudanganya."

"Tuliuzika pamoja," Mwalimu Eliwaza akaingilia. "Mikono yangu ilikuwamo."

"Basi umetudanganya na wewe. Na kama hili ni la uongo, nitajuaje kwamba haya mengine hayakumwagiwa maji kwa ndoo tulipokuwa chuoni? Heri nisimchukue yeyote."

Mimi nililitazama jicho la yule mkaguzi, nikalitambua. Lilikuwa jicho letu wenyewe. Wazazi waliokuja kumcheka Mwalimu sasa wakaanza kumlaani Siwema kwa kuwaponza watoto wao, na mmoja akamwita mwongo mwana wa mwongo. Binti alikuwa bado amepiga magoti, haoni pa kuweka uso.

Hapo Bi Mwanamkasi akapasua watu kwa mabega, akaja mbele.

"Msimtukane," akasema. "Hajasema uongo. Mtungi niliufukua mimi. Nilidhani ni fingo. Vigae viko njia panda, nendeni mkavitazame."

Mtu akatumwa, akarudi na vigae mkononi. Mkaguzi akavigeuza geuza, akavilinganisha na shingo ya mtungi wa tuta la jirani, akaona vinalingana.

"Wengine nitawachukua," akasema. "Lakini nafasi ni ya mwenye tuta lililoishi. Pole, binti. Nikikupitisha wewe, nitamzuia nani?"

Siwema akamgeukia mama yake. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga.

"Nilikwambia, mama. Nilikwambia ni maji."

"Uliniambia, mwanangu."

Wenzake wote wakaenda chuoni. Msidhani mwaka uliofuata mlango ulifunguliwa tena. Chuo kilibadilisha utaratibu, kikarudi kuangalia matokeo ya kidato cha nne, na Siwema alikuwa na yale yale ya kufeli. Akabaki nyumbani kwao. Katika wenzake wapo walioajiriwa mikoa ya mbali, na mmoja ana mashamba yake sasa. Siwema akashika mwiko wa vitumbua.

Lakini msemo haukuzaliwa siku ile ya ukaguzi. Ulizaliwa siku chache baadaye, vijana walipoyavuna matuta yao kabla ya kuondoka. Waligawa mboga nyumba kwa nyumba, fungu moja moja, hata kwetu tuliokuwa tukisonya. Nilikuwa nimesimama mbele ya meko ya Bi Mwanamkasi nikingoja vitumbua, nikamwona Mwalimu Eliwaza anakuja mwenyewe na fungu la mchicha, umefungwa kwa ukindu, majani mapana yanang'aa.

"Pokea, dada," akasema. "Hili ni la nyumba yako."

Bi Mwanamkasi akalitazama lile fungu. Kisha akamtazama Siwema, aliyekuwa ameinamia chuma cha moto anageuza vitumbua, moshi unamtoa machozi, au labda haukuwa moshi. Akafuta mikono kwenye kanga, tukadhani anataka kupokea. Hakupokea. Akalisukuma taratibu fungu likarudi kifuani kwa Mwalimu, akasema bila hasira na bila mzaha, akijihukumu mwenyewe mbele ya mtoto wake:

"Mpe mwenye haki nalo, Mwalimu. Mfukua mtungi hali mboga."